Filamu mbili za marais wa Marekani, Lincoln (2012) na Nixon (1995), ipi ina ukweli zaidi na ipi ina uigizaji bora?

Kwa historia nawapa Lincoln, ila sio mia kwa mia. Ile kura ya Januari 1865 ya kufuta utumwa wameonyesha wabunge wawili wa Connecticut wakisema hapana, wakati wa jimbo lile wote wanne walisema ndio, sasa ya nini jamani, kura yenyewe ilikuwa imebana vya kutosha. Nixon ndo inachanganya, mwongozaji Oliver Stone anakutungia tajiri wa Texas ambaye hakuwepo, halafu anakuwekea ule usiku wa Mei 1970 rais anaenda kupiga stori na vijana waandamanaji pale Lincoln Memorial, mnara wa kumbukumbu ya Lincoln kule Washington, unaona kabisa hii chai, kumbe ilitokea kweli!

Kuigiza sasa. Daniel Day-Lewis kaja na sauti nyembamba, waliozoea Lincoln wa besi wakashangaa, ila waliomsikia enzi zake ndo walivyomwelezea, na Oscar akabeba. Anthony Hopkins hafanani na Nixon hata kidogo, lakini yale mabega aliyoyakunja na tabasamu la kulazimisha, dah, ukikaa kidogo unasahau sura. Ila Joan Allen kama Pat, mke wa Nixon, anamfunika hata yeye. Kwa uigizaji naenda na Nixon, mnune tu.