Kamusi ya Kiskoti mtandaoni: nyota nne kutoka Mwanga, Kigoma

Mimi nimeitumia kamusi hii ya Kiskoti, lugha ya Scotland iliyo ndugu wa Kiingereza, kwa kazi moja tu, vimilikishi vya zamani (maneno ya umiliki kama "-angu" na "-ao"), kwa hiyo msije mkaniuliza kuhusu mapishi yao wala matusi yao. Inaitwa Dictionaries of the Scots Language, iko mtandaoni tangu 2004, na ni bure kabisa. Hakuna wa kukudai namba ya kadi ya benki. Unachohitaji ni bando.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tano. Kuna binti darasani kwangu, mbishi kweli, aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini ours, yours na theirs zina s, halafu mine haina?" Kitabu cha shule kinakupa jedwali, ukariri, basi. Jibu nilikwenda kulichimba huku. Kiskoti kilichipuka kutoka Kiingereza cha kaskazini, na watu wa kaskazini ndio waliobandika kwenye vimilikishi kiambishi kilekile walichokuwa wakibandika kwenye nomino. Kama "the kingis" ni "ya mfalme", basi na "ouris", "ȝouris" (hiyo ȝ ni herufi ya zamani, hapa isome kama y), "hiris", "thairis". "Myn" ilikuwa na n yake tangu zamani, haikuhitaji nyongeza. Huko kusini wengine walisema "ouren", lakini s ya kaskazini ndiyo iliyoshinda, na leo tunaisahihisha kwenye madaftari hapa Kigoma.

Kilichonifurahisha zaidi ni "thair", yaani "-ao". Asili yake ni lugha ya Waskandinavia waliohamia kaskazini mwa Uingereza. Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyeandika London karne ya 14, bado alitumia "hir" kwa "-ake" ya mwanamke na kwa "-ao" pia, msomaji ajijue. Mskoti alikuwa ameshazitenganisha, "hir" ya mwanamke na "thair" ya wengi. Sisi wa kitabu chao, nyumba yao, maembe yao, kimilikishi chetu kinakifuata kitu kinachomilikiwa. Mskoti hakukijali kitu, alimtazama mwenye mali. Ila kwenye "my" na "myn" alisikiliza pia neno linalofuata: likianza na konsonanti ni "my", likianza na irabu mara nyingi ni "myn".

Na "its"? Kwa muda mrefu hawakuwa nayo. Walitumia "his" hata kwa kitu kisicho na uhai, au wakazunguka kwa "thairof", yaani "ya hicho". Hapo darasa langu lilicheka sana.

Ndani mna kamusi kubwa mbili. Ya Kiskoti cha zamani, inayoishia 1700, aliianzisha mtunga kamusi William Craigie. Sehemu ya kwanza ilitoka 1931, kazi ikakamilika 2002 kwa majalada 12, mwenyewe akiwa amefariki tangu 1957. Ya pili inaanzia 1700. Wageni wanaokuja Ujiji kwa ajili ya Livingstone, Mskoti aliyezaliwa 1813, Kiskoti cha enzi zake wakitafute kwenye hiyo ya pili. Utamu wa zote mbili ni mifano: kila maana ina sentensi zilizoandikwa kweli, zimepangwa kwa miaka, unaliona neno likikua.

Sasa nyota niliyoinyima. Kwenye simu ndogo ingizo refu linachosha macho, nukuu juu ya nukuu, na vyanzo vimefupishwa hivi kwamba mgeni hajui kama anasoma shairi au hati ya mahakama. Halafu kuna hiyo herufi ȝ. Kibodi ya simu yangu haina. Hata wachapaji wa zamani iliwashinda, wengi wakaweka z badala yake, ndiyo maana jina Menzies wapo Waskoti wanaolitamka karibu na "Mingis". Nilipeleka kurasa zangu steshenari moja hapa Mwanga, shilingi 200 kwa ukurasa, na kila penye ȝ printa ikatoa kisanduku kitupu. Ilibidi nizijaze kwa kalamu, nakala za darasa zima.

Walimu wenzangu wa Kiingereza, ifungueni kwenye kompyuta kama shule inayo. Anzeni na "thair" kabla ya "his", na ukurasa wa vifupisho uwe wazi pembeni.