Vijiwe vya figo, nchi mbili: nilivyotibiwa Leeds na Houston

Vijiwe vya figo havina adabu. Cha kwanza kilinikuta Leeds, Uingereza, mwaka 2022, nikiwa mwanafunzi, usiku wa manane. Nikapiga 111, namba yao ya ushauri wa afya, nikaambiwa niende dharura. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa tisa nzima, nimejikunja kama jongoo aliyeguswa, na lengo lao wenyewe ni mgonjwa asizidishe muda wa saa nne. Sindano ya maumivu nilichomwa palepale kwenye kiti. Picha ya CT nilipigwa kumeshapambazuka zamani.

Kilichonishangaza ni kuondoka. Nimekulia Tanga, kwangu hospitali inaanzia dirisha la keshia. Daktari aliponiruhusu nikabaki nimesimama, nikauliza nalipia wapi. Akacheka. Nililipia dawa tu, pauni 9.35 kwa kila aina. Lakini msidanganyike kwamba ni bure: wakati wa viza nilishakatwa ada ya afya, pauni 470 kwa kila mwaka. Na miadi ya kliniki ilikuja baada ya miezi mitano, kijiwe nilishakikojoa na kukisahau.

Houston, Marekani, 2024. Kijiwe kingine. Kazi mpya, bima ya mwajiri, hospitali ya kibiashara. Baada ya dakika ishirini nilikuwa kitandani, chumba cha peke yangu, blanketi lililopashwa moto, dripu, runinga. Daktari alivuta kiti akanichorea figo kwenye karatasi. Mlangoni hakuna aliyenidai hata senti, maana iko sheria ya 1986 inayotaka mgonjwa wa dharura apimwe na atulizwe kwanza, pesa baadaye. Kwa huduma, jamani, Leeds haioni ndani.

Zikaanza barua. Ya kwanza ilitoka kwa bima, imeandikwa waziwazi kwamba hii siyo bili. Zilizofuata zilikuwa bili kweli: ya hospitali, ya daktari mchoraji (kumbe yeye anadai kivyake), na ya daktari aliyesoma picha, mtu ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Bima haichangii kitu mpaka nimalize dola 2,500 za kwanza kutoka mfukoni mwangu. Nikapiga simu, nikaomba mchanganuo, mwisho wakanipangia kulipa kidogokidogo kila mwezi, kama niliyekopa friji.

Nyota? Leeds nawapa tatu. Houston tano siku ile, moja barua zilipofika.

Januari iliyofuata kijiwe kikarudi. Zile dola 2,500 huanza kuhesabiwa upya kila mwaka unapogeuka, kwa hiyo nilikuwa nimerudi sifuri. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu, jagi la maji pembeni, nimemeza ibuprofeni, simu mkononi, nasoma ni dalili zipi haswa haziruhusu kusubiri. Homa sina. Mkojo unatoka. Nikasubiri. Kikatoka saa kumi na mbili asubuhi.

Mke wangu alinuna siku nzima. Kwa nini sikumwamsha?

Kwa sababu angenipeleka hospitali.