Passetto na Ngome ya Sant'Angelo, Roma: nyota nne kati ya tano

Wengi tuliokwenda Roma kuhiji kwa Jubilei ya 2025, mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki, tuliishia Basilika la Mtakatifu Petro: Mlango Mtakatifu, picha uwanjani, basi. Mimi nilikata pia tiketi ya Passetto, ule ukuta wa takriban mita 800 wenye njia inayounganisha Vatikani na Ngome ya Sant'Angelo. Ulifungwa miaka mingi, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 2024, na huingii bila mwongozaji.

Mwongozaji wetu, mama mmoja wa makamo, alitusimamisha katikati ya ukuta akaanza na habari ya mishahara. Mwaka 1526 Papa Clement VII alijiunga na Ufaransa dhidi ya Kaisari Charles V wa Dola Takatifu la Kirumi. Askari wa Kaisari waliokuwa Italia hawakuwa wamelipwa, wakaamua kujilipa wenyewe kwa mali ya Roma. Alfajiri ya tarehe 6 Mei 1527, kwenye ukungu mzito, wakapanda kuta. Kamanda wao, Mtawala wa Bourbon, akapigwa risasi mwanzoni kabisa, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Kati ya walinzi 189 wa Uswisi, kikosi cha kumlinda Papa, 147 waliuawa siku hiyo. Wale 42 waliobaki walimtoa Papa kwa njia hii hii tuliyosimama.

Nikachungulia chini. Nyumba za mtaa wa Borgo ziko karibu mno. Niliona hadi vibanio kwenye kamba ya nguo. Mtu mwenye bunduki, hata za zamani zile, angemwona vizuri anayekimbia amevaa nyeupe. Ndiyo maana Paolo Giovio, aliyekuja kuwa askofu baadaye, alimfunika Papa kwa joho lake la zambarau. Habari hiyo nilikuwa naijua, lakini kuijua na kusimama pale ni vitu viwili tofauti. Papa alijifungia ngomeni mwezi mzima, akakubali fidia ya dukati (sarafu za dhahabu) 400,000, na bado akashikiliwa hadi Desemba alipotorokea mji wa Orvieto.

Ngome yenyewe ilianza kama kaburi la Kaisari Hadrian, likamalizika mwaka 139. Usikimbilie juu kupiga picha. Pandeni taratibu ile njia ya mzunguko ya ndani, yenye giza na ubaridi, kwa kuwa hiyo ni ya Warumi wenyewe. Juu kabisa yuko Malaika Mkuu Mikaeli wa shaba, akirudisha upanga alani. Mapokeo yanasema Mtakatifu Gregori Mkuu alimwona hivyo mwaka 590, tauni ilipokuwa inaumaliza mji.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya kampuni iliyoniuzia tiketi. Spika za masikioni zilikatakata sauti, na hawakuniambia mapema kuwa kuna ngazi nyingi. Bibi mmoja wa kundi letu alibaki chini peke yake, na hilo liliniuma sana. Kama unasafiri na mzee, uliza kwanza. Kata tiketi kabla ya kusafiri, beba maji, na nenda asubuhi, maana juu ya ukuta hakuna kivuli.

Ukiweza, panga safari yako iangukie Mei. Kwa kawaida tarehe 6 ndipo walinzi wapya wa Uswisi wanapokula kiapo, kwa kuwakumbuka wale 147.