Union au Habari Njema? Biblia ya kufundishia somo la Masihi

Kwenye madarasa ya ubatizo hapa Mwanza na visiwani, Biblia mbili huchanganyika mikononi mwa wanafunzi: Union Version ya 1952 na Habari Njema ya miaka ya 1990. Tumezipima kwa somo moja tu, Yesu ni Masihi, na kwa somo hilo mwalimu ashike Union.

Sababu ni neno lenyewe. Masihi ni aliyepakwa mafuta. Kristo ni neno lilelile kwa Kigiriki. Katika Union mwanafunzi huanza kulikuta Agano la Kale: Daudi anakataa kumdhuru Sauli kwa kuwa ni "masihi wa BWANA" (1 Samweli 24:6), hata Koreshi, mfalme wa Uajemi asiye Mwisraeli, anaitwa masihi (Isaya 45:1), mpaka Andrea anapomwambia Petro "Tumemwona Masihi" (Yohana 1:41). Uzi haukatiki. Habari Njema, kwenye Zaburi 2:2, imeweka "mteule wake". Inaeleweka upesi, ila mafuta yamepotea, na bila mafuta ni vigumu kueleza kwa nini Yesu ni nabii, kuhani na mfalme kwa pamoja, maana hao ndio waliokuwa wakipakwa mafuta. Anzeni na Kutoka 30:23-30, jinsi mafuta hayo ya kupaka yalivyotengenezwa: manemane shekeli 500 (kipimo cha uzito), mdalasini 250. Darasa halisahau.

Panapokwama ni Isaya 7:14. Union inasema bikira, Habari Njema msichana, na wapo watakaodhani imani imechezewa. Kiebrania ni alma, mwanamwali. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ikaandika bikira, na Mathayo 1:23 akaifuata. Hapo kwa Mathayo, Habari Njema nayo inasema bikira. Someni aya zote mbili siku hiyohiyo.

Isaya 53 someni kwa Habari Njema. Sentensi zake zinafuatika hata kwa mzee ambaye nyumbani ni Kisukuma au Kikerewe tu. Masihi anayeteswa ndilo fundo gumu kuliko yote: Petro mwenyewe alikiri vizuri kwamba Yesu ndiye Kristo (Mathayo 16:16), akajikwaa aya ya 22 alipokataa kwamba Yesu atateswa. Tengeni vipindi viwili, mfikie 1 Wakorintho 15:3-4: alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu.

Mkinunua, chagueni jalada gumu na maandishi makubwa. Wanaovuka kwenda Ukerewe waifunge kwenye nailoni. Karatasi zile nyembamba zikilowa hushikana, na ukizibandua kabla hazijakauka, zinachanika.