Kihifadhi Skrini cha Bure kwa Kompyuta ya Mezani: Vipi Vinafaa kwa Maduka na Nyumba za Wageni za Lamu

Kihifadhi skrini ni programu inayoonyesha picha zinazocheza pale kompyuta inapoachwa bila kuguswa kwa muda. Katika skrini za zamani zenye mgongo mkubwa, kazi yake ilikuwa kuzuia picha iliyoganda mahali pamoja isiache alama ya kudumu kwenye kioo. Skrini bapa za LCD hazihitaji ulinzi huo, ingawa za OLED, ambazo kila nukta yake hujiwakia yenyewe, bado zinauhitaji. Kinachobaki ni kuficha kazi iliyofunguliwa isionwe na macho ya wengine, na kuipendezesha sehemu ya mapokezi. Kwa nyumba ya wageni ya Shela inayoweka nakala za pasipoti kwenye kompyuta, au kwa duka la fotokopi la Langoni ambako wateja husimama nyuma ya bega la mwenye kazi, hilo la kwanza ni jambo zito.

Kwa kuwa programu zote ninazozipanga hapa hazilipiwi, bei haiwezi kuwa kipimo. Nimezipima kwa gharama zisizoandikwa popote: bando la intaneti, ambalo wengi hulitoa kwenye simu, umeme, ambao hulipwa kwa tokeni, na joto. Katika msimu wa kaskazi, kompyuta iliyokaa kwenye chumba chembamba kisicho na upepo huwa tayari na kazi ya kutosha ya kujipoza, na haifai kuongezewa michoro mizito wakati mwenyewe amekwenda kuswali.

Nafasi ya kwanza naipa Windows yenyewe. Windows 10 na 11 bado zinakuja na Mystify, Ribbons, Bubbles, 3D Text na Photos, ambazo hazihitaji kupakuliwa. Fungua "Settings", ingia "Personalization", kisha "Lock screen", na utaikuta "Screen saver" kuelekea chini. Mystify huchora mistari ya rangi inayojipinda juu ya weusi, nayo ni nyepesi kiasi kwamba hata kompyuta ya mtumba huimudu. Kwa biashara, hata hivyo, ninaipendekeza zaidi 3D Text, maana mwenye duka huandika maneno yake mwenyewe, iwe ni jina la duka au "Karibuni", akachagua aina ya herufi, kasi na namna ya kuzunguka. Bubbles ina mapovu mazuri sana yanayogongana na kuachana, lakini siishauri kwa mapokezi, kwa sababu kwa kawaida mapovu hayo huelea juu ya kazi iliyofunguliwa, na orodha ya wageni pamoja na nambari zao za pasipoti hubaki ikisomeka nyuma yake.

Kwenye dirisha hilo hilo la "Screen saver" pana kisanduku kilichoandikwa "On resume, display logon screen". Kitie alama. Bila hicho, yeyote atakayekigusa kipanya ataikuta kazi yote wazi, ilhali Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamwajibisha anayetunza taarifa za watu azilinde. Naliweka jambo hili juu kuliko uzuri wa picha yoyote.

Nafasi ya pili ni Fliqlo, saa ya tarakimu kubwa nyeupe juu ya weusi, ambazo hupinduka kila dakika mfano wa saa za zamani za vibao. Inapatikana kwa Windows na kwa Mac, na husomeka vizuri kutoka upande wa pili wa chumba. Huhesabu saa kwa mtindo wa kimataifa, kwa hiyo saa mbili asubuhi itaonekana 8, jambo ambalo halitamsumbua mgeni anayesubiri boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda.

Kwa shule na vituo vinavyotumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye mashine kuukuu, nafasi ya tatu ni ya XScreenSaver. Jamie Zawinski aliitoa mwaka 1992 na bado inatunzwa. Ndani yake mna michoro zaidi ya 200, mingine ya mistari michache tu na mingine ya maumbo mazito yanayodai kadi nzuri ya michoro. Mwalimu anaweza kuondoa alama kwenye ile mizito na kuacha ile myepesi ipokezane, na hiyo ndiyo sababu ninaithamini. Ieleweke kwamba Zawinski hatoi toleo la Windows. Atakayekuletea "XScreenSaver ya Windows" hajaitoa kwake.

Lively Wallpaper, ya Windows, naiweka ya nne. Msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuusoma na kuukagua, haina malipo, hupatikana katika Microsoft Store, na kazi yake hasa ni kuweka video au picha hai nyuma ya aikoni, ingawa inaweza pia kutumika kama kihifadhi skrini. Inafaa kompyuta mpya yenye kumbukumbu ya kutosha. Wenye Mac hawana haja ya kutafuta mbali, kwani tangu macOS Sonoma, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2023, Apple imeweka humo video za mandhari zilizopigwa kutoka angani. Wajihadhari tu na bando, maana ni mafaili makubwa.

Ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Electric Sheep, iliyoanzishwa na Scott Draves mwaka 1999, huziunganisha kompyuta za watu wengi kupitia intaneti ili zishirikiane kuchora maumbo ya hisabati yanayoyeyuka na kuzaliwa upya, na mtazamaji huweza kuyapigia kura kwa kubonyeza mishale ya juu na chini. Ni kazi ya ushirika ya kuvutia mno. Ila hupakua video, hujaza diski, na huweza kuitumikisha prosesa wakati ambapo kompyuta ingepumzika. Aliye na intaneti isiyo na kikomo na chumba chenye kiyoyozi aichukue kwa moyo mkunjufu, wengine waiache.

Programu yoyote kati ya hizi haipunguzi umeme. Skrini ya wati 25 ikiachwa ikiwaka kwa muda wa saa kumi hutumia robo ya uniti, na kila siku ni hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, weka kihifadhi kianze baada ya dakika tano, kisha katika mipangilio ya umeme agiza skrini izimike kabisa baada ya dakika kumi na tano.

Kuna kundi moja ambalo sikulipa nafasi yoyote, nalo ni yale matangi ya samaki na maporomoko ya maji yanayotangazwa "bure" kwenye tovuti zisizojulikana. Mengi ni ya majaribio, na baada ya muda hudai malipo. Hatari kubwa zaidi ni faili lenyewe: faili linaloishia kwa .scr katika Windows ni programu kamili, yenye uwezo wa kufanya lolote ambalo programu nyingine hufanya, ikiwemo kuingiza virusi. Isitoshe, kwa kawaida Windows huficha herufi hizo za mwisho, hivyo "samaki.jpg.scr" huonekana kama "samaki.jpg". Fungua File Explorer, nenda "View" na uruhusu "File name extensions" zionekane, na faili la namna hiyo likiletwa kwa barua pepe au kwa flashi ya mteja, lifute bila kulifungua.