Mafunzo ya kupanga malezi ya muda mrefu kwa makao ya watoto, Iringa

Mafunzo haya, yaliyotolewa mjini Iringa kwa walezi na viongozi wa makao ya watoto, yanastahili sifa kwa sababu hayakuanza na majengo wala misaada, bali na faili la mtoto mmoja mmoja: ametoka wapi, ndugu zake ni akina nani, na ni nini kinachomzuia kurudi kwao. Msingi huo ni sahihi, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka huohuo kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake, unataka kumtenga mtoto na familia yake kuwe hatua ya mwisho.

Somo la kumwandaa kijana anayekaribia miaka 18 lilinigusa sana, maana wengi huondoka bila ujuzi wala ndugu wa kuwapokea.

Bajeti ilipitiwa harakaharaka mno. Mpango wa miaka mitano usiotaja mishahara ya walezi, ambao watoto huwazoea kisha huwapoteza, wala mablanketi ya baridi ya Makete na Mafinga, hautekelezeki. Viongozi wa Mbeya na Njombe wahudhurie, lakini waende na wahasibu wao.