SSD au RAM kwanza? Mwongozo wa kununua kwa kompyuta kuukuu ya gemu

Kompyuta nyingi za gemu mitaani kwetu hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizomaliza kazi zake kwenye ofisi za Ulaya, zikaja kwa kontena hadi Kariakoo au Luthuli Avenue, kisha mtu akachomeka kadi ya michoro kama GTX 1050 Ti na kuanza kucheza. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) ni 8GB, na ndani bado kuna hadi diski (hard disk, ile ya kuzunguka) ileile iliyokuwa ikihifadhi barua za ofisi. Mashine ya namna hiyo bado ina uhai. Ila ukiingia dukani bila kujua kinachoikaba, utatoka na kitu kizuri kisichokusaidia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, fungua gemu inayokusumbua, cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame hali ya mashine. Diski ikiwa asilimia 100 wakati RAM bado ina nafasi, mchawi wako ni diski. RAM ikiwa imejaa mpaka pomoni, diski nayo itaonekana imezidiwa, kwa sababu Windows inahamishia huko mzigo uliokosa nafasi. Hapo anza na RAM. Na kama diski na RAM vimetulia huku kadi ya michoro peke yake ikiwa 100, tunza hela zako. SSD, yaani diski isiyo na kinachozunguka, haiongezi fremu (picha kwa sekunde), hata muuzaji aseme nini.

Mpangilio huu ni wa mashine yenye 8GB na hadi diski. Mwenye RAM ya 4GB abadilishane namba moja na mbili.

1. SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye 480GB au 500GB

SATA ni waya wa kawaida wa diski kwenye mashine hizi. Sioni cha kushindana nayo. Hadi diski husoma faili kubwa kwa MB 100 hadi 160 kwa sekunde, ila gemu haisomi hivyo. Inaokota vipande vidogo vidogo huku na huku, na kichwa cha diski kinabaki kukimbizana navyo mpaka kasi inashuka chini ya MB 2. SSD ya SATA inafika karibu MB 550 na haina kinachozunguka ndani. Kwenye GTA V utaiona tofauti ukiwa kwenye gari: majengo na lami vinatokea kabla hujafika, si baada ya kupita. Gemu mpya zaidi zimeacha hata kubembeleza. Cyberpunk 2077, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023, inataka SSD kama sharti la chini.

Usishawishike na 240GB. EA SPORTS FC 25 peke yake inaomba 100GB, na Baldur's Gate 3 inaomba 150GB. Ukiweka Windows na gemu moja umeshajaza, na SSD iliyojaa sana huanza kuandika polepole.

Kuhusu majina, Samsung 870 EVO na Crucial MX500 ndizo za daraja la juu kwa aina hii: zina DRAM (kumbukumbu ndogo ya kuharakisha kazi) ndani na waranti ya miaka 5. Kingston A400 na Crucial BX500 ni za bei nafuu, hazina DRAM, waranti ni miaka 3. Kwa mchezaji wa gemu tofauti hiyo inaonekana zaidi unapohamisha faili kubwa kuliko unapocheza, kwa hiyo kama hela ni ileile, mimi nachukua A400 ya 480GB na kuiacha 870 EVO ya 250GB. Kuhusu Crucial, ujue kwamba Micron, inayomiliki jina hilo, ilitangaza Desemba 2025 kuachana na biashara hiyo ya wateja wa kawaida. Ukiikuta kwa bei nzuri chukua, ila usishangae ikiadimika.

Feki zipo, na nyingine ni za kuchekesha: zile SSD za nje zinazoandikwa 16TB, ukizifungua unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu imebandikwa kwenye kibao cha USB. Hata kwa zile za ndani, mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine yake mbele yako na afungue CrystalDiskInfo. Diski mpya haiwezi kuwa na saa 9,000 za kuwashwa. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka chochote, ipitishe kwenye H2testw, ambayo huandika mpaka mwisho na kusoma upya. Iliyochakachuliwa ukubwa inaumbuka hapo.

Kuifunga ni kazi ya bisibisi moja. Mashine za kizazi cha tatu hazina SATA za kasi moja: baadhi ya matundu ni ya 6Gb/s na mengine ni ya 3Gb/s, na ukichomeka kwenye haya ya pili umebaki na nusu ya kasi uliyolipia. Kwenye OptiPlex 7010 anza na tundu lililoandikwa SATA0. Kama kasha halina nafasi ya inchi 2.5, gundi ya pande mbili inatosha, maana SSD haitikisiki wala haipigi kelele. Umeme ukikosa plagi, nunua waya wa kugawa. Wengine huchomoa DVD na kutumia plagi yake, lakini kwenye kasha dogo ile plagi ni fupi na haiingii kwenye SSD.

Kisha ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows), hakikisha SATA iko kwenye AHCI, hali inayofaa SSD, ndipo upige Windows upya. Fundi atakwambia ananakili ya zamani ilivyo. Sawa, inawezekana, lakini unahamia nyumba mpya na kunguni wako. Hadi diski ya zamani ibaki ndani kwa ajili ya muvi na gemu ndogo.

2. RAM ya kufikisha 16GB, vijiti viwili vinavyofanana

Prosesa hizi zina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Kijiti kimoja cha 8GB kinatumia njia moja; viwili vya 8GB vinatumia zote mbili. Kama huna kadi ya michoro na unategemea ile ya ndani ya prosesa, hapa ndipo fremu zitaongezeka kweli, kwa kuwa michoro ya ndani inaazima RAM hiyohiyo. Mwenye kadi atafaidi zaidi kwa gemu kuacha kuganda ghafla katikati ya mechi.

Kizazi cha tatu na cha nne hutumia DDR3, kwa kawaida ya 1600. RAM ya mtumba siiogopi kama ninavyoogopa SSD ya mtumba, maana haichakai kwa kuandikwa. Na tangu mwishoni mwa 2025, RAM mpya za DDR4 na DDR5 zilipopanda bei baada ya viwanda kuelekea kwenye vituo vya data vya akili mnemba, DDR3 ya mtumba imezidi kuwa na maana kwa mashine hizi.

Ila soma lebo. Unataka PC3-12800U, ndiyo DDR3 ya 1600. Ikiishia na R badala ya U, hiyo ni ya seva na mashine yako haitawaka nayo. Ndiyo maana inauzwa rahisi. Hesabu pia chipu: za kawaida mara nyingi ni nane kila upande, za seva huwa tisa au zaidi. Mtego mwingine ni vijiti vya 8GB vya bei ya kutupa vilivyoandikwa ni vya AMD. Maandishi yale si mapambo, kwenye bodi ya Intel havifanyi kazi.

Sugua meno ya kijiti kwa kifutio cha penseli, kisukume mpaka vibanio vilie, na kwa Dell anza na vibanio vyeupe. Usiku wa kwanza iache MemTest86, programu ya kukagua RAM, ikimbie. Kosa moja tu likitokea, rudisha dukani.

3. SSD ya NVMe

Hii ni SSD bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa tundu la M.2, na hupita njia ya PCIe badala ya SATA. Kwa kizazi cha sita na kuendelea, zile kama OptiPlex 7050 au EliteDesk 800 G3, tundu la M.2 lipo na NVMe inaingia bila shida. Hapo bei ikikaribiana na ya SATA, chukua NVMe. Zile za PCIe 3.0 husoma MB 3,500 hivi, lakini usitegemee gemu kufunguka mara sita kwa haraka. Nyingi zinatofautiana na SATA kwa sekunde chache tu. Ya PCIe 4.0 kwenye bodi ya 3.0 ni kulipia spidi ambayo haitatumika.

Kwa kizazi cha tatu, kadi ya kugeuza, ya kuchomeka NVMe kwenye tundu la PCIe, ipo madukani, na Windows itaiona NVMe kama diski ya gemu. Kuwashia mashine kutoka humo ni habari nyingine: BIOS ya zamani haiitambui bila ujanja. Mimi nisingejisumbua.

4. RAM ya 32GB

Kwa kucheza tu, hapana. Hata Starfield inaomba 16GB.

Hesabu ya mwisho ni ya Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka rasmi kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Valorant, kwa mfano, hukagua TPM ukiwa kwenye Windows 11. Kwa hiyo jumla ya SSD na RAM ikifika nusu ya bei ya mashine ya mtumba yenye kizazi cha nane, nunua SSD peke yake sasa. Itahama na wewe. DDR3 haitahama, kwa sababu mashine za kizazi cha nane zinatumia DDR4.